Ziwa Limehamia Diski ya Pili

Nilianza na ziwa.
Saa nne usiku, Migosi kumetulia
isipokuwa jenereta ya kinyozi na mbwa wa Mama Risper,
nikalishika Nam Lolwe lote kwa kidole kimoja
nikalikokota hadi diski ya pili.
Zimebaki dakika hamsini na tatu, kompyuta ikasema.
Nikaenda kukoroga uji.

Awino, mlangoni, kanga begani:
"Unapanga dunia, na kabati la vyombo limekushinda."
Kweli. Lakini kabati halijai hivi.

Diski ya kwanza ni ndogo, ina mbio, bei yake siisemi nyumbani.
Humo nimeweka mchezo. Hapana, si mchezo,
neno hilo nilimkataza shemeji mezani.
Nimeweka programu ya urubani na ndege mbili, basi.
Ya pili ni ya bara letu.
Ya tatu niliinunua Kibuye, Jumapili, kwa kijana aitwaye Kundu;
hukohoa kwanza, ndipo isome,
kama karani wa zamani wa kiwanda cha pamba.

Walioiunda programu hii hawajafika huku.
London wameipa kila nguzo ya taa.
Sisi wametupa misonobari. Kondele! Misonobari!
Nyalenda ina nyumba zenye dohani
za baridi ya watu wengine,
na ziwa lao ni buluu tupu, halina jani la gugumaji.

Kwa hiyo niliifuta Uswisi.
Milima yote na theluji yake, bila kikao, bila notisi.
Gigabaiti thelathini na nane zikapumua,
nikaupanda humo msitu wa Kakamega,
nikaezeka mabati ya Migosi, paa kwa paa,
kila jioni nikitoka kutengeneza friji za watu,
na mawe ya Kit Mikayi, wiki tatu,
hadi jiwe la juu likakubali kukaa.

Asilimia themanini na moja, stima ikapotea.
Iliporudi, ziwa lilikuwa nusu:
Homa Bay kuna maji, Kisumu hakuna.
Nilicheka peke yangu. Mfereji wetu unaijua habari hiyo.

Nikarudia. Likahama lote.
Nikaruka, pua kuelekea maji,
magurudumu yakaachana na lami
na mbele hapakuwa na kitu.
Si maji, si ardhi. Kijivu tu,
shimo lenye ukubwa wa ziwa, nami juu yake, futi mia sita,
natafuta ukingo.

Nilikuwa nimehamisha bila kuiambia programu.
Hata Mama Risper, alipotoka Manyatta na deni lake,
aliacha namba ya simu dukani.
Nami nikaacha njia ya mkato mlangoni, mstari mmoja:
anayeuliza ziwa, aende diski ya pili.
Likaja. Kipande, kipande, likajaa hadi Ndere.

Sasa imebaki Elgon. Inataka gigabaiti tisa
na diski ya Kundu haina hata moja,
kwa sababu niliikuta na folda ndani:
HARUSI BUSIA MWISHO KABISA.
Gigabaiti kumi na moja za watu nisiowajua.
Bibi harusi ameshika mwavuli, mvua yenyewe haipo.
Ndama ana utepe shingoni.
Mzee mmoja amelala kwenye kiti cha plastiki
katika picha arobaini mfululizo.
Nilimpigia Kundu. Hakumbuki aliyemuuzia.

Kidole kimekaa juu ya kufuta tangu Jumatano.
Uswisi niliifuta nikitafuna mahindi.

Jana usiku nikaruka hadi Busia, futi elfu mbili,
nikashusha mwendo, nikazunguka mara mbili
nikitafuta hema.
Misonobari.
Nikageuza ndege, nikatua Kisumu saa saba na robo,
Elgon bado iko kwenye foleni.